Trekta kongwe la volti 6 na safari ya kuhamia volti 12

Katika majimbo ya kati na ya kaskazini ya Marekani, mwezi Januari unapoingia na theluji kufunika njia za mashambani, yako matrekta ya kijivu ambayo ni wakongwe kuliko wengi wa wenye nayo, na bado hutakiwa kuamka alfajiri na kwenda kusukuma theluji. Mengi huamka. Mengine hutoa mguno mmoja mzito, kisha hunyamaza, na mwenye shamba hubaki akiitazama betri. Hapo ndipo jirani hutoa ushauri ambao umerudiwa kwa zaidi ya nusu karne: ondoa huo mfumo wa volti 6, weka volti 12.

Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi hutolewa kabla ya mtu yeyote kuuliza ni kwa nini trekta limegoma, na kazi yenyewe husimuliwa kana kwamba ni kubadili betri tu. Ukweli ni kwamba volti zinapoongezwa mara mbili, kila kifaa kinachotumia umeme huo huguswa. Vipo vifaa vitakavyostahimili, vipo vitakavyoungua siku hiyo hiyo, na kipo kimoja ambacho kikiguswa vibaya kinaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Matrekta yanayozungumziwa zaidi ni yale ya Ford ya herufi N. La kwanza, 9N, lilizinduliwa Dearborn, katika jimbo la Michigan, mwezi Juni mwaka 1939, baada ya Henry Ford na Harry Ferguson, mvumbuzi aliyetoka kaskazini ya Ireland, kukubaliana kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi. Lilifuatwa na 2N mwaka 1942, kisha 8N mwaka 1947, ambalo liliendelea kuundwa hadi mwaka 1952. Ya aina ya 8N pekee yaliundwa zaidi ya 500,000. Urafiki huo wa mikono mitupu uliishia mahakamani, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Ferguson alikuwa amekwisha kuanza kuunda trekta lake mwenyewe mjini Coventry, nchini Uingereza, na ni hilo, binamu wa trekta la Ford, ambalo wazee wa Kenya na Tanganyika walilifahamu katika mashamba makubwa baada ya vita.

Leo 8N linalotembea hupatikana Marekani kwa dola elfu mbili au tatu, yaani bei ya simu mbili tatu za kisasa. Ndiyo maana halikuishia katika majumba ya makumbusho. Hununuliwa na mtu mwenye ekari chache, ambaye hana fedha za trekta jipya, na ambaye trekta likimgomea hana jingine.

Kwa nini volti 6

Betri ya risasi na asidi hujengwa kwa vyumba vidogo, na kila chumba kikiwa kimejaa umeme hutoa takriban volti 2.1. Vyumba 3 hufanya betri ya volti 6, vyumba 6 hufanya ya volti 12. Katika miaka ya 1930 vyumba 3 vilitosha kabisa. Injini ya trekta la Ford ina silinda 4 na ujazo wa karibu lita 2, na haibani sana mchanganyiko wa petroli na hewa, kwa hiyo haihitaji nguvu kubwa kuizungusha. Wakati wa vita kuu ya pili, mpira na shaba vilipokuwa adimu, baadhi ya 2N yalitoka kiwandani yakiwa na magurudumu ya chuma na bila betri wala stata, na wakulima waliyawasha kwa mkono.

Ni magari ya abiria yaliyoiacha volti 6 kwanza. Injini zao zilizidi kuwa kubwa na nzito kuzungusha, zikaja redio na vipasha joto, na kuanzia mwaka 1953 baadhi ya magari ya General Motors yakahamia volti 12. Magari ya Ford yalifuata mwaka 1956. Volkswagen zilingoja hadi mwaka 1967. Tangu hapo duka la vipuri la kawaida halina sababu ya kuweka betri, balbu wala chaja za volti 6, na anayevihitaji huagiza kutoka mbali na kulipa zaidi. Hiyo peke yake ni sababu ya haki ya kuhama.

Ugonjwa usiotajwa

Hata hivyo, sababu ambayo wengi huitaja si hiyo. Wao husema volti 6 ni dhaifu, haiwezi kuwasha trekta kwenye baridi. Dai hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu trekta hilo hilo liliwaka kwa volti 6 katika baridi za miaka ya 1940 bila malalamiko.

Stata ikianza kuzungusha injini huweza kuvuta ampea 200 kutoka kwenye betri. Chukulia kwamba kichwa cha betri kimeota ule unga wa kijani na mweupe, au waya wa ethi umefungwa juu ya rangi na kutu, na hapo pameongezeka ukinzani mdogo wa sehemu 5 za elfu moja za omu. Zidisha mara ampea 200, unapata volti 1 iliyopotea njiani. Kwa betri ya volti 12, volti 1 ni hasara inayovumilika. Kwa betri ya volti 6 ni moja ya sita ya mali yote, na ikipatikana kasoro ya namna hiyo mahali pawili au patatu, stata hubakiwa na mabaki.

Kosa jingine huletwa na duka. Nyaya nene za betri zilizowekwa kiwandani zilipochakaa, mwenye trekta alinunua zile zinazouzwa kwa magari ya kisasa, ambazo ni nyembamba kwa sababu zimekusudiwa volti 12. Kazi ile ile ikifanywa kwa nusu ya volti hudai mara mbili ya ampea, na ampea ndizo zinazohitaji unene wa waya. Taa ya wati 36 huvuta ampea 6 kwenye betri ya volti 6, na ampea 3 tu kwenye ya volti 12. Trekta la volti 6 lililofungwa nyaya za gari dogo ni kama shamba linalomwagiliwa kwa bomba la kunyweshea maua.

Kwa hiyo fundi mwenye subira huanza na msasa, brashi ya waya na kipima volti. Hukwangua vichwa vya betri hadi ving'ae, hufunga ethi kwenye chuma kitupu, huweka nyaya nene, kisha hupima volti kwenye stata yenyewe wakati injini ikizungushwa, si kwenye betri pekee. Si ajabu trekta likawaka papo hapo, na safari ya volti 12 ikaahirishwa. Ikiwa ubovu umo ndani ya stata, au injini imechoka na haibani tena, volti 12 zitaficha ugonjwa kwa msimu mmoja au miwili kwa kuusukuma kwa nguvu zaidi. Hazitauponya.

Chanya na hasi hubadilishana mahali

Aliyekwisha kuamua kuhama hukutana kwanza na jambo ambalo huwashangaza vijana. Katika matrekta haya ncha ya chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chuma cha trekta, na hasi ndiyo inayokwenda kwenye stata. Mafundi waliofanya kazi na Land Rover za zamani wanaufahamu mtindo huo, kwani nazo zilikuwa na chanya kwenye bodi ingawa zilitumia volti 12. Vifaa vya kisasa hudai kinyume chake, hasi kwenye bodi. Ukifunga alteneta kisha ukaweka betri kwa mtindo wa zamani, diodi zilizomo ndani yake, ambazo ni milango ya kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, huungua kwa kufumba na kufumbua.

Swali linaloulizwa sana ni iwapo stata itazunguka kinyumenyume baada ya chanya na hasi kubadilishana. Haizunguki. Ndani ya stata hiyo umeme hupita katika nyaya za sumaku zilizotulia na kisha katika rota, mfululizo. Mkondo ukigeuzwa, sumaku zote mbili hugeuka kwa pamoja, na msukumo baina yao hubaki upande ule ule.

Kwamba stata ya volti 6 itazunguka kwa volti 12 ni kweli pia, na wengi huiacha ilipo kwa miaka. Lakini hapa ndipo hesabu ya nusu ya ampea huwapotosha watu. Ampea hupungua pale tu kifaa chenyewe kilipoundwa kwa volti 12. Stata ya zamani haikubadilika ukinzani wake; ikipewa volti mara mbili, katika dakika ya kwanza ya kushituka huvuta karibu mara mbili ya ampea, na joto ndani ya nyaya zake huelekea kuwa mara nne. Huzunguka kwa kasi ya kufurahisha, na meno yake huligonga gurudumu la injini kwa kishindo. Asiyetaka kuipeleka kwa fundi wa kusuka nyaya upya aiguse kwa sekunde chache tu, kisha aipumzishe. Anayeibonyeza nusu dakika kwa sababu petroli haijafika anaipika.

Dainamo yapisha alteneta

Katika 9N na 2N, dainamo haina kirekebishi cha volti. Ina brashi ya tatu ambayo husogezwa kwa mkono ili kuongeza au kupunguza chaji, na swichi ndogo inayozuia umeme wa betri kurudi nyuma injini inapozimwa. Matrekta ya baadaye ya 8N yalipata kirekebishi na dainamo ya takriban ampea 20. Zote zina udhaifu mmoja: injini ikienda polepole hazichaji cha maana.

Mahali pake mafundi wengi wa Marekani hufunga alteneta ya Delco iitwayo 10SI, iliyokuwa ikifungwa katika magari ya General Motors tangu miaka ya 1970. Ni ndogo, hupatikana kila mahali, na kirekebishi chake kimo ndani yake. Hutengenezwa kwa viwango vya kuanzia ampea 37 hadi zaidi ya 60, na hapa tamaa haina faida. Trekta lenye taa mbili na plagi nne halina matumizi ya ampea 60, na amita ndogo ya kwenye dashibodi haikuundwa kupitisha mkondo huo. Puli yake ilingane na upana wa mkanda wa feni, nayo isimame katika mstari mmoja na puli za injini, ama sivyo mkanda utaliwa upande mmoja.

Alteneta hiyo ina waya mnene unaokwenda kwenye betri, na nyaya mbili nyembamba. Mmoja, wa namba 2, huipima betri ili kirekebishi kijue kiasi cha kuchaji. Wa pili, wa namba 1, hutoka kwenye swichi ya ufunguo na kuiamsha alteneta ianze kazi. Huu wa pili ndio wenye hila. Ukiungwa moja kwa moja, mtu atazima swichi na injini itaendelea kunguruma, kwa sababu alteneta inayozunguka hurudisha umeme kupitia waya huo huo hadi kwenye koili. Wapo waliodhani swichi mpya ni mbovu wakanunua nyingine. Dawa ni diodi moja ya bei ndogo, au taa ndogo ya dashibodi iliyowekwa katikati ya waya.

Zipo pia alteneta zinazojiamsha zenyewe kwa waya mmoja tu, na wauzaji huzisifu kwa wepisi wa kuzifunga. Wepesi huo una bei yake. Hungoja mzunguko wa kasi ndipo ziamke, na injini ya 8N, ambayo ikitulia huzunguka chini ya mara 500 kwa dakika, huweza kukaa muda mrefu bila kuchaji chochote hadi dereva akanyage mafuta. Nyaya tatu ni kazi ya nusu saa zaidi, na zinastahili.

Koili, plagi na taa

Kifaa kinachoungua mapema kuliko vyote ni koili, ile inayoukuza umeme wa betri hadi urushe cheche kwenye plagi. Koili ya volti 6 yenye ukinzani wa omu 1.5 huvuta ampea 4. Ipe volti 12 bila kuilinda, itavuta ampea 8, na joto lake litapanda kutoka wati 24 hadi wati 96. Pointi za distribyuta hutoboka, koili hutokota. Ama ununue koili ya volti 12, ama uweke katika njia yake rezista ya omu 1.5, jumla huwa omu 3, na ampea hurudi kuwa 4.

Katika 9N, 2N na 8N za mwanzo, koili ni ya umbo la mraba na hukaa juu ya distribyuta, mbele ya injini. Hizo zilitoka kiwandani zikiwa na rezista yao kwenye dashibodi. Kosa linalorudiwa ni kuitupa rezista hiyo kwa sababu duka limeuza koili iliyoandikwa volti 12. Iachwe mahali pake. Kwa kuwa chanya na hasi zimebadilishana, nyaya mbili ndogo za koili ya mviringo nazo zibadilishane, ili cheche iruke upande uleule plagi ilioupenda tangu mwanzo. Injini itawaka hata zisipobadilishwa, ila kwa cheche dhaifu zaidi.

Balbu zote zibadilishwe, na nyaya za nyuma ya amita zipishane, la sivyo itaonyesha betri inakwisha wakati inajaa. Faida ya kuhama huonekana wazi hapa: taa za LED, ambazo nyingi zimekusudiwa volti 12 na hasi kwenye bodi, huangaza shamba kwa ampea chache mno.

Kati ya volti 6 na 12 pana njia ya tatu inayopendwa na baadhi ya wakulima, nayo ni betri ya volti 8 huku dainamo ya zamani ikiongezwa chaji. Trekta huwaka vizuri zaidi, ila chaja ya betri hiyo ni adimu kuliko hata ya volti 6, na balbu hufa mapema. Ni nusu ya safari kwa nauli ile ile.

Betri karibu na tangi

Betri ya matrekta haya hukaa chini ya boneti, nyuma tu ya tangi la petroli. Betri ya volti 12 huenda ikawa ndefu kuliko ile iliyotoka, na sasa ncha iliyo juu bila kufungwa kwenye bodi ni chanya. Ncha hiyo ikigusa boneti trekta linaporuka kwenye matuta, cheche hutokea pembeni mwa petroli. Urefu upimwe kabla ya kununua, betri ifungwe isicheze, na ncha ivishwe kofia ya mpira.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Katika 8N kitufe cha kuwashia kimeunganishwa na gia, kiasi kwamba stata haipati umeme mpaka gia iwe huru. Kitufe hicho hufanya kazi kwa kuuunga waya mdogo wa solenoidi na chuma cha trekta, tofauti na magari mengi ambayo swichi hupeleka umeme kwenye solenoidi. Mtu akifunga solenoidi ya kawaida ya gari, kitufe hakitafanya kitu. Akikosa kuelewa sababu, hukiruka kitufe na kuweka swichi yake mwenyewe, au husimama ardhini mbele ya gurudumu la nyuma na kuziunga ncha za stata kwa bisibisi. Ikiwa gia haikuwa huru, trekta lililopata volti 12 huondoka kwa mruko, na aliyesimama hapo hana pa kukimbilia. Wakulima wa Marekani wamekufa namna hiyo. Solenoidi ya volti 12 ya mtindo ule ule wa zamani inauzwa, na bei yake ni ndogo.

Kazi ikimalizika, kipima volti kiwekwe kwenye betri injini ikiwa katika kasi ya kazi. Kikionyesha kati ya volti 13.8 na 14.5, alteneta inachaji sawasawa. Kikizidi 15, kirekebishi ni kibovu na betri itachemka. Kisha swichi izimwe mara moja, kuhakikisha injini inazimika.

Halafu libakie jambo dogo ambalo wengi hulisahau: kuandika kwa rangi juu ya kisanduku cha betri kwamba trekta hili sasa ni la volti 12, hasi kwenye bodi. Siku moja atakuja jirani na gari lake kulipiga stata kwa nyaya za kuazima, akikumbuka kwamba 8N zote zina chanya kwenye bodi. Akiunga kama anavyokumbuka, betri zote mbili zitapambana uso kwa uso, na gesi ya hidrojeni inayotoka kwenye betri huhitaji cheche moja tu.